Kamba, springi, vijiti vya mishikaki au trei ya maji: uchague nini kufundishia mawimbi

Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukuandikia kanuni ya kasi ya wimbi bila kukosea herufi, akakokotoa urefu wa wimbi la redio hadi nukta mbili za desimali, halafu ukamuuliza kama anayetikisa kamba kwa nguvu zaidi atafikisha wimbi upesi zaidi, naye akajibu ndiyo bila kusita. Jibu hilo nimelisikia kila mwaka tangu nianze kufundisha. Lina pacha wake: kwamba wimbi la bahari huyachota maji huko kwenye kina na kuja kuyamwaga ufukweni. Maneno ya Kiingereza ya mtihani ameyakariri yote, lakini wimbi lenyewe hajaliona.

Ndiyo maana siku hizi, mwalimu mwenzangu anaponiuliza anunue kifaa gani kwa mada hii, simuulizi kwanza ana fedha kiasi gani. Namuuliza ni kosa lipi analotaka kulivunja vichwani mwa wanafunzi, wako wangapi darasani, na ana vipindi vingapi. Vifaa vinne ninavyolinganisha hapa nimevitumia vyote. Kila kimoja kina jambo kinaloonyesha vizuri kuliko vingine, na kina jambo ambalo hakitalionyesha hata ukikibembeleza.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Kimo ni umbali kutoka mahali pa utulivu hadi kileleni. Urefu wa wimbi ni umbali kutoka kilele hadi kilele kinachofuata. Marudio ni idadi ya mitikiso kwa sekunde, na kipimo chake ni hezi. Kasi ni marudio mara urefu wa wimbi. Wimbi linalotikisa chombo chake kwa kukingama na njia linayopita nitaliita la kukingama, na lile linalotikisa mbele na nyuma katika njia hiyo hiyo nitaliita la kusukumana. Walimu wengine wana majina mengine, nami sina ugomvi nayo.

Kamba: rahisi kuliko vyote, na ya haraka kuliko jicho

Kamba huhitaji kuinunua. Iko stoo, iko kwa mlinzi, iko kwa wasichana wanaoiruka wakati wa mapumziko. Funga ncha moja kwenye nondo ya dirisha, mpe mwanafunzi ncha ya pili, funga kitambaa chekundu katikati. Akitikisa mara moja, nundu inakimbia hadi dirishani na kurudi, na kitambaa kinapanda, kinashuka, kinabaki pale pale. Hapo pacha wa pili anakufa mbele ya darasa zima: kilichosafiri ni mtikiso na nguvu yake, kamba haikwenda popote. Hakuna kifaa kinachosema jambo hilo kwa uwazi zaidi ya kitambaa kile chekundu.

Shida yake ni kasi. Kasi ya wimbi kwenye kamba ni kipeuo cha pili cha mvuto (nguvu inayoinyoosha kamba) uliogawanywa kwa uzito wa kila mita. Chukua kamba ya mita 6 yenye gramu 600, yaani gramu 100 kwa mita, uivute kwa nyutoni 10, ambazo ni kama kubeba kilo moja. Wimbi litakwenda mita 10 kwa sekunde, na kamba yote litaimaliza kwa sekunde 0.6. Aliyekaa nyuma hajageuza shingo, limeshapita. Ndiyo sababu nashauri kamba nene ya pamba au ya katani badala ya nailoni nyembamba: kadiri ilivyo nzito kwa kila mita, ndivyo wimbi linavyokwenda polepole. Na usiivute sana. Ukiongeza mvuto mara nne, kasi inakuwa mara mbili, na jicho la mwanafunzi limeshindwa kabisa.

Kwa hiyo swali la kama kutikisa kwa nguvu kunaongeza kasi ni gumu kulimaliza kwa kamba. Jibu lake ni hapana: mkono unaamua kimo na marudio, chombo ndicho kinachoamua kasi. Lakini kwa kamba inayochukua nusu sekunde, kila mwanafunzi ataona alichokuja akikiamini. Simu yenye kurekodi video ya mwendo wa polepole husaidia, iwapo unayo, na darasa si kubwa.

Mahali kamba inaposhinda vifaa vingine vyote ni kwenye mawimbi yaliyosimama, yaani yale yanayotikisika pale pale bila kuonekana yakisafiri. Watoto wanaozungusha kamba ya kuruka tayari wanaishi ndani ya somo hili, kwa kuwa tumbo lile moja kubwa kati ya mikono miwili ni nusu ya urefu wa wimbi. Kwa kamba yetu ya mita 6 na kasi ya mita 10 kwa sekunde, tumbo moja linapatikana kwa marudio ya hezi 0.83, yaani mitikiso mitano kwa sekunde sita. Matumbo mawili yanataka hezi 1.67, matatu hezi 2.5. Wape saa, wahesabu. Mkono unapokosea kidogo, kamba inavurugika. Unapopata, inavimba yenyewe kana kwamba imeitikia. Ukitoka hapo kwenda kwenye uzi wa gitaa au wa zeze, huna tena haja ya kueleza sana.

Springi: kifaa pekee chenye aina zote mbili

Springi ndefu ya kuchezea, ile inayoshuka ngazi yenyewe, ilitokana na kazi ya Richard James, mhandisi wa mambo ya meli huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1943, na ikaanza kuuzwa madukani mwaka 1945. Kwetu inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara, na ya plastiki kwa wauza midoli. Nunua ya chuma kama unaweza. Ya plastiki ni nyepesi, na juu ya sakafu wimbi lake hufa kabla ya kufika upande wa pili.

Ilaze sakafuni, watu wawili wakishika ncha. Mmoja akitikisa kushoto na kulia, linapita wimbi la kukingama. Mmoja akisukuma na kuvuta kuelekea kwa mwenzake, linapita wimbi la kusukumana: unaona pete zikibanana, kisha zikiachana, na ule mbano ndio unaosafiri. Sauti husafiri hivyo hewani. Ukimwambia mwanafunzi kwamba sauti ni mbano na mlegeo wa hewa, anaitikia kwa heshima tu. Akiona mbano ukikimbia kwenye springi, ukafika, ukagonga kidole chake, anaitikia kwa kweli. Kamba haiwezi kufanya hivi, vijiti haviwezi, maji hayawezi. Kama mada yako inayofuata ni sauti, hukumu yangu imeishia hapa: tafuta springi.

Springi ina siri nyingine ambayo sijaiona ikitumiwa sana, na inanifurahisha kila ninapoionyesha. Pima muda wa wimbi kwenda upande wa pili springi ikiwa imevutwa mita 2. Kisha ivute hadi mita 4, upime tena. Watoto watabishana kwamba muda utaongezeka maradufu kwa kuwa njia imekuwa ndefu. Muda haubadiliki. Springi ya gramu 200 yenye ugumu wa nyutoni 0.8 kwa mita huvukwa kwa karibu nusu sekunde, ukiivuta kidogo au sana, kwa sababu kuivuta kunaongeza mvuto na wakati huo huo kunapunguza uzito wa kila mita, na kasi inapanda sawasawa na urefu. Mita 2 kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde, mita 4 kwa kasi ya mita 8. Kwa kuwa nusu sekunde ni ndogo kuipima kwa mkono, acha wimbi lirudi mara mbili au tatu ndipo usimamishe saa. Darasa likishaelewa kwa nini namba zimetoka sawa, limeelewa kwamba kasi ni mali ya chombo.

Kwa springi pia ndipo ninapofundishia matetemeko ya ardhi. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, wanafunzi wanalijua kwa habari au kwa ndugu. Ardhi hutoa aina zote mbili kwa pamoja. Katika miamba ya juu mawimbi ya kusukumana huenda karibu kilomita 6 kwa sekunde, na ya kukingama karibu kilomita 3.5. Aliye kilomita 100 kutoka kitovu hupata mshtuko wa kwanza baada ya sekunde 17 hivi, na wa pili, ambao huwa na mtikisiko mkubwa zaidi, kama sekunde 12 baadaye. Kwa pengo hilo wataalamu hukadiria umbali wa kitovu. Na kwa kuwa kimiminika hakipingi kusukumwa kimbavu, mawimbi ya kukingama hayapiti ndani ya kimiminika. Ndiyo njia mojawapo tuliyojulia kwamba kiini cha nje cha dunia kimeyeyuka.

Kasoro zake ni mbili. Sakafu ya saruji yenye mikwaruzo huua wimbi, hivyo tafuta iliyosuguliwa, au weka meza ndefu. Na springi ikishajifunga yenyewe kwa yenyewe, haifunguki. Yangu ya kwanza iliharibika siku ya pili, mwanafunzi mmoja alipoachia ncha ikiwa imevutwa. Sasa nafunga kila ncha kwa uzi kwenye kifundo cha mkono wa anayeishika, na sijapoteza nyingine.

Vijiti vya mishikaki: kifaa cha darasa kubwa

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, nami sitajifanya kwamba sina upande. Wazo lake ni la John Shive wa Maabara za Bell, Marekani, aliyeunda mashine ya fito za chuma zilizoshikiliwa na waya katikati. Sisi tunatumia tepu pana ya kufungia maboksi na vijiti vya mishikaki. Tandaza tepu ya mita 4 mezani, gundi ikitazama juu. Panga vijiti kwa kukingama, kila baada ya sentimita 5, katikati ya kila kijiti ikikaa juu ya tepu. Funika kwa tepu ya pili. Bandika kidonge cha udongo wa mfinyanzi kwenye kila ncha ya kijiti, vilingane kadiri uwezavyo. Funga tepu kati ya viti viwili, uivute inyooke. Vijiti 80, vidonge 160. Wanafunzi wanne wanamaliza kwa saa moja na nusu, na wakimaliza wanakiita chao.

Gusa kijiti cha kwanza. Wimbi linaondoka kijiti kwa kijiti, polepole kiasi cha mwanafunzi wa safu ya mwisho kulifuata kwa kidole. Hapa ndipo swali la nguvu linapokufa. Gusa kidogo, pima muda. Piga chini sana, pima muda. Saa inatoa namba ile ile mbele ya watu 60, na hakuna aliyekosa kuona. Kwa kamba ulikuwa unaomba uaminiwe. Kwa vijiti unaomba wahesabu.

Kisha ondoa vidonge kwenye nusu ya upande wa kulia. Sasa una vyombo viwili vilivyoungana, kimoja kizito, kimoja chepesi. Wimbi linalotoka upande mzito likifika kwenye mpaka, sehemu yake inavuka na kukimbia zaidi, sehemu inarudi. Linalotoka upande mwepesi kwenda mzito nalo hugawanyika, lakini linalorudi limepinduka: lililokwenda kama kilele limekuja kama bonde. Ukikishika kijiti cha mwisho kwa nguvu, linarudi limepinduka. Ukikiachia huru, linarudi kama lilivyokwenda. Mambo haya vitabu huyapa mistari miwili na mchoro, na mwanafunzi huyasahau kabla ya kufunga kitabu. Nimeona darasa likisimama kuyatazama kwenye vijiti.

Tena ni mahali pazuri pa kuonyesha mawimbi mawili yakikutana. Tuma kilele kutoka kila upande: katikati vinajumlishana vinakuwa kimoja kirefu, kisha kila kimoja kinaendelea na safari yake kana kwamba hakikumwona mwenzake. Tuma kilele na bonde: kwa nukta moja ya muda vijiti vya katikati vinalala, halafu vinatokea tena upande wa pili. Wanafunzi wengi hutegemea vigongane virudi nyuma kama mipira. Rudia mara tatu, taratibu.

Ubaya wake? Udongo ukikauka unadondoka. Tepu hulegea kwenye joto, hivyo kifaa hakikai miezi. Hakifundishi mawimbi ya kusukumana hata kidogo, na kwa kuwa ni mstari mmoja tu, hakiwezi kuonyesha wimbi likipinda au likisambaa. Kwa mambo hayo unahitaji eneo, na eneo linamaanisha maji.

Trei ya maji: ngumu, na haina mbadala

Thomas Young, mwanasayansi Mwingereza aliyekuwa akihutubia Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, mwanzoni mwa karne ya 19, alitumia viwimbi vya maji kueleza jinsi mwanga unavyoweza kuongezana na kufutana. Miaka 200 baadaye bado hatujapata njia ya wazi zaidi ya mikono kwa jambo hilo.

Unachohitaji ni trei yenye kitako kinachopitisha mwanga. Kioo cha fremu kubwa ya picha kikizungushiwa kuta za mbao na kuzibwa kwa silikoni ya mafundi vioo kinatosha. Weka maji ya kina cha milimita 8. Inua trei juu ya viti viwili, tandika karatasi nyeupe chini, mulika kwa tochi ya simu kutoka juu. Taa iwe ndogo ya nukta moja. Balbu kubwa hutia ukungu. Vilele vya viwimbi hukusanya mwanga kama lenzi mbinuko, hivyo mistari angavu kwenye karatasi ndiyo vilele. Na jambo ambalo lingeniokolea vipindi viwili kama ningelijua mapema: zungushia kingo za ndani vipande vya sponji ya godoro. Bila sponji, viwimbi hurudi kutoka kila ukuta, na unachokiona ni vurugu tupu.

Ukiwa na rula iliyogusa maji, itikise taratibu, mara tano kwa sekunde. Katika kina cha milimita 8 urefu wa wimbi utakuwa karibu sentimita 5, na kasi karibu sentimita 26 kwa sekunde. Zamisha kipande cha kioo ili maji juu yake yabaki na kina cha milimita 2 tu: urefu unashuka hadi sentimita 3 hivi, kasi hadi 16. Marudio ni yale yale, kwa kuwa kila kiwimbi kinachoingia lazima kitoke. Geuza kioo kikae mshazari na wimbi linapinda. Hapo nina onyo kwa aliyenunua mota ndogo ya kutikisa rula kwa kasi: kwa marudio ya hezi 10 urefu ni kama sentimita 2.3 kwenye kina na 1.8 juu ya kioo, tofauti ndogo ambayo darasa halitaiona. Mkono unashinda mota. Wala usiwape kanuni ya kipeuo cha kina mara mvutano wa dunia wakaipime hapo. Viwimbi vidogo hivi vinatawaliwa pia na ule utando wa uso wa maji, na namba zao hazitakubaliana nayo.

Kanuni hiyo waitumie baharini, ambako ndiko kwake. Tetemeko la alfajiri, kwa saa zetu, ya tarehe 26 Desemba 2004 lilitokea karibu na Sumatra, na mchana wa siku hiyo wimbi lake lilikuwa kwenye pwani ya Kenya na Tanzania, umbali wa zaidi ya kilomita 6,000, na watu walikufa hata huku kwetu. Chukua kina cha mita 4,000: kasi ni mita 198 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Maji ya Sumatra hayakuja. Kilichokuja ni mtikiso. Mwanafunzi wa Tanga au Mtwara anayesimama ufukweni anaweza pia kuona kwa macho yake kwamba mawimbi yanayotoka baharini mshazari hujinyoosha yanapokaribia, mpaka yanavunjika karibu sambamba na pwani, kwa sababu upande uliotangulia kufika kwenye maji mafupi hupunguza mwendo kwanza. Ni kile kile kioo cha milimita 2.

Sasa weka vipande viwili vya mbao uache mwanya kati yao. Mwanya ukiwa mpana mara nyingi kuliko urefu wa wimbi, linapita moja kwa moja. Uukaribishe hadi ulingane na urefu wa wimbi, nalo linatandaa nusu duara upande wa pili. Wanafunzi wakishaona hivyo, waulize kwa nini wanamsikia mwalimu wa darasa la jirani kupitia mlangoni bila kumwona. Sauti ya hezi 340 ina urefu wa karibu mita 1, mlango una upana wa karibu mita 1. Mwanga una urefu mdogo kuliko elfu moja ya milimita. Swali hilo nimeliona likimfanya kijana aliyekuwa akisinzia anyooshe mkono.

Misumari miwili iliyofungwa kwenye rula moja, ikigusa maji kwa pamoja, inatoa mistari ile tulivu inayotoka katikati kama mbavu za feni, ambako vilele vya mmoja hukutana na mabonde ya mwingine. Hakuna kifaa kingine kati ya hivi vinne kitakachokupa picha hiyo.

Bei ya trei ni maandalizi. Dakika 20 kabla ya kipindi, chumba chenye giza, ndoo, kitambaa cha kupangusia. Na wanaoona vizuri ni wale 10 au 12 waliokizunguka. Darasa la 60 lazima uligawe kwa zamu.

Na programu za kompyuta?

Zipo nzuri, za bure. Za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002, zinakuruhusu kusimamisha muda, kubadilisha mvuto na kupima kwa rula iliyo kwenye skrini. Zinafaa sana baada ya kifaa halisi, hasa kwa kukokotoa. Sizianzi nazo. Mwanafunzi anajua kwamba programu inafanya ilivyoelekezwa; kijiti cha mshikaki hakijaelekezwa na mtu, na ndiyo maana anakiamini.

Ningechagua hivi

Darasa la watu 50 na zaidi, kipindi kimoja, hakuna maabara: vijiti. Waanze kwa kamba yenye kitambaa kwa dakika tano, kisha vijiti muda uliobaki.

Vipindi vitatu na chumba kinachoweza kutiwa giza: kamba na vijiti siku ya kwanza, trei siku mbili zinazofuata, nusu ya darasa kila siku, nusu nyingine wakifanya maswali. Mpangilio huu ndio ninaoufuata mwenyewe, na springi naiachia mada ya sauti.

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu cha dukani, basi kiwe springi ya chuma, kwa sababu hivyo vingine vitatu unaweza kuviunda na hiyo huwezi. Ila usiinunue kabla ya kukagua sakafu yako.

Mwanafunzi wa kujitegemea anayesoma nyumbani bila mwalimu nampa jibu tofauti: sinia, maji, tochi ya simu, jioni taa zikizimwa. Sinia haina kitako cha kioo, lakini ukimulika kwa mshazari viwimbi vinaonekana vya kutosha kuona vikirudi ukingoni na vikipita kwenye mwanya wa vidole viwili. Haitampa vipimo. Itampa kitu cha kukumbuka atakapofungua ukurasa wenye michoro.

Na kwa mwalimu ambaye kesho asubuhi ana kipindi na hana chochote kati ya hivi: simamisha wanafunzi 15 kwenye mstari, bega kwa bega, wameshikana mikono. Wa kwanza achuchumae na kusimama, kila mmoja afanye hivyo anapohisi mkono wa jirani yake ukivutwa. Wimbi litapita mbele ya ubao hadi dirishani. Kisha muulize wa kwanza kama ametoka alipokuwa amesimama.